Kuiandaa Pikipiki ya Spoti kwa Safari Ndefu ya Nje ya Nchi

Pikipiki ya spoti imeundwa kwa kazi fupi na ya nguvu. Tangi lake ni dogo, usukani wake uko chini, kiti chake ni kigumu, na injini yake hupenda mizunguko ya juu ambayo barabara za kawaida haziiruhusu kuifikia. Hayo hayaizuii kuvuka mipaka. Injini ya silinda nne yenye cc 600, ikitembea kilomita 110 kwa saa, huwa haijafika hata nusu ya mizunguko yake ya juu kabisa, na ikitunzwa ipasavyo inaweza kwenda hivyo siku nzima, wiki baada ya wiki. Kinachowakwamisha watu njiani kwa kawaida si injini bali vitu vinavyoizunguka: matairi, mnyororo, mizigo, joto, mafuta, mwili wa dereva mwenyewe na karatasi alizobeba. Ndiyo maana maandalizi ya pikipiki ya aina hii ni kazi ya kuondoa zaidi kuliko ya kuongeza, na jambo la kwanza la kuondoa ni mapambo.

Kama pikipiki ina ekzosi ya kubadilisha, kibao cha namba kilichofupishwa na kulazwa, taa za ishara ndogo kama kucha, au kompyuta ya injini iliyopangwa upya ili kuongeza nguvu, irudishe katika hali ya kiwandani kabla ya kuondoka. Sababu si unyenyekevu mbele ya polisi peke yake. Kompyuta iliyopangwa kwa petroli bora itaiadhibu injini pale petroli hiyo itakapokosekana, na ekzosi yenye kelele humchosha dereva mwenyewe kabla ya kumchosha mtu mwingine yeyote. Sheria nazo zinazidi kukaza. Jimbo la Tyrol nchini Austria, kwa mfano, tangu mwaka 2020 linazuia katika baadhi ya barabara zake za milimani, wakati wa miezi ya joto, pikipiki ambazo nyaraka zake zinaonyesha kelele ya zaidi ya desibeli 95 zikipimwa zikiwa zimesimama. Kinachotazamwa hapo ni namba iliyoandikwa kwenye nyaraka, kwa hiyo hata pikipiki isiyoguswa inaweza kuzuiwa, na ni vyema kuisoma namba hiyo mapema kuliko kuelezwa na askari barabarani.

Huduma ya injini

Fungua kitabu cha mtengenezaji, utazame kilomita zilizopo sasa, uongeze kilomita za safari nzima, kisha ufanye kabla ya kuondoka kila huduma itakayoangukia katikati. Ukaguzi wa nafasi za valvu, ambao katika injini nyingi za cc 600 na cc 1000 huja takriban kila kilomita 24,000, ndio unaosahaulika zaidi, kwa sababu unadai kufungua makava, tangi na boksi la hewa, na fundi mwenye haraka atakuambia kwamba injini inalia vizuri. Valvu iliyokaza haipigi kelele. Ukaguzi huo ukifanyika, safisha au badilisha chujio la hewa wakati huohuo, kwani tangi limeshafunguliwa na fursa hiyo haitarudi kwa urahisi.

Mafuta ya injini yawe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2, kwa kuwa klachi ya pikipiki nyingi za spoti huogelea ndani ya mafuta yaleyale ya injini; baadhi ya mafuta ya magari yana viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze. Yabadilishe siku kadhaa kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari, ili ukitembea kilomita mia kadhaa uone kama skrubu ya kumwagia mafuta au chujio linavuja. Mafuta ya breki ya DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Kama yamepita miaka miwili, yabadilishe hata kama breki bado inashika. Mteremko mrefu wa milima pamoja na mzigo ndipo mahali ambapo mafuta yaliyozeeka huonyesha tabia yake.

Mfumo wa kupoza unastahili jaribio moja rahisi. Simamisha pikipiki mahali pa wazi, iache inguruke bila kutembea, na uangalie kipimo cha joto hadi feni iwake, jambo ambalo katika pikipiki nyingi hutokea joto likikaribia nyuzi 100 au kuzidi kidogo. Feni isipowaka, usisafiri. Pikipiki ya spoti hutegemea upepo wa mwendo ili ipoe, na foleni ya magari kwenye kituo cha mpakani haina upepo. Ondoa pia wadudu na tope lililoziba mapezi ya rejeta, ukitumia maji yasiyo na nguvu, kwa maana maji ya shinikizo kubwa huyapinda mapezi hayo na kuyafunga kabisa.

Matairi na mnyororo

Tairi laini la spoti hushika barabara vizuri ajabu, lakini likibebeshwa mizigo na kuendeshwa kwenye barabara kuu iliyonyooka, hubapa katikati na linaweza kwisha kabla ya kilomita 5,000. Kwa safari ndefu, funga matairi ya daraja la spoti na safari, ambayo katikati yana mpira mgumu na pembeni mpira laini, na ambayo kwa uendeshaji wa kiasi huweza kupita kilomita 10,000 kwa nyuma. Usishawishike kuhifadhi tairi la nusu umri kwa hoja kwamba litamalizikia njiani. Saizi za kawaida za pikipiki hizi, yaani 120/70 kwa mbele na 180/55 au 190/50 kwa nyuma, zote za rimu ya inchi 17, hupatikana kwa urahisi katika miji mikubwa, ila mahali ambapo watu wengi wanaendesha pikipiki ndogo unaweza kuzunguka maduka siku nzima bila kuliona hata moja. Kama safari itazidi umri wa tairi, amua mapema ni mji gani utabadilishia, na uagize kabla hujafika.

Soma pia tarehe ya tairi. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2323 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi jipya dukani si lazima liwe jipya kwa tarehe. Kuhusu upepo, pikipiki nyingi za spoti huhitaji takriban baa 2.5 mbele na 2.9 nyuma, sawa na psi 36 na 42. Fuata maandishi ya mtengenezaji, na upime asubuhi kabla ya kutembea, kwa sababu tairi la moto husoma zaidi. Kwa kuwa matairi haya hayana tyubu, pancha ya msumari katikati ya tairi huzibwa bila kutoa gurudumu: tafuta tundu, chomoa msumari kwa koleo, panua tundu kwa kekee ya mkono, sukuma utambi wa mpira uliopakwa gundi, kisha kata kinachobaki nje. Beba vifaa hivyo pamoja na pampu ndogo ya umeme wa betri, na ujizoeze nyumbani juu ya tairi kuukuu. Tairi lililozibwa hivyo ni la kukufikisha kwa fundi kwa mwendo wa pole, si la kumalizia safari.

Mnyororo ndio sehemu inayodai uangalizi wa kila siku. Ulegevu wake kwa kawaida ni kati ya milimita 25 na 35, lakini mnyororo haukai sawa mzunguko mzima, kwa hiyo sukuma pikipiki mbele kidogokidogo na upime kila mahali; kipimo kinachohesabiwa ni cha pale ulipokaza zaidi. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi ni hatari kuliko uliolegea, kwa kuwa mzigo ukiishusha pikipiki mnyororo hujivuta zaidi na kuumiza beringi za shafti ya gia. Ili kujua kama umechakaa, shika pingili iliyo nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuelekea nyuma. Ukiona nusu ya jino au zaidi, badilisha mnyororo na sproketi zote mbili kwa pamoja. Mnyororo mpya juu ya sproketi kuukuu utakwisha haraka, na fedha uliyookoa itakuwa imepotea.

Usafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini, wala si kwa petroli, ambayo huharibu vipete vya mpira vinavyohifadhi grisi ndani ya pingili. Paka mafuta ya mnyororo kila kilomita 500 hadi 800, na mara moja baada ya mvua, wakati mnyororo bado una joto la safari. Hapa pikipiki ya spoti ina kero yake: haina stendi ya katikati. Suluhisho ni kupaka kipande kinachoonekana, kusukuma pikipiki hatua moja, na kupaka kinachofuata, hadi mzunguko uishe. Usidiriki kuwasha injini na kuweka gia ili gurudumu lijizungushe huku umeshika kitambaa. Mnyororo hukivuta kitambaa pamoja na vidole hadi kwenye meno ya sproketi, na kuna mafundi wenye uzoefu waliopoteza vidole namna hiyo.

Mizigo na namna pikipiki inavyokaa

Fremu ya nyuma ya pikipiki ya spoti ni nyembamba, na haikukusudiwa kubeba masanduku ya chuma. Mabegi laini yanayolazwa juu ya kiti cha abiria na kuning'inia pande mbili, pamoja na begi dogo juu ya tangi, yanatosha. Tatizo lake ni joto. Katika pikipiki ambazo ekzosi hupita chini ya kiti, mtindo ulioenea sana katika muongo wa kwanza wa karne hii, mabegi huunguzwa kutoka chini. Katika nyingine ekzosi huinuka ubavuni na kuligusa begi la upande mmoja. Funga mabegi yakiwa yamejaa, keti juu ya pikipiki, mwombe mtu aikandamize nyuma, kisha tazama kama nafasi kati ya begi na ekzosi bado ni ya kutosha. Begi la sumaku halishiki tangi la alumini wala kava la plastiki. Chagua linalofungwa kwenye pete ya mdomo wa tangi. Mikanda yote inayobaki ikunjwe na kufungwa, kwa maana mkanda mmoja ukiingia kwenye gurudumu la nyuma unaweza kulifunga ghafla.

Vitu vizito kama zana viwekwe chini na karibu na dereva, na vyepesi juu na nyuma. Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kitabu, na ndani yake wamo dereva na mavazi yake, jambo linalowashangaza wengi wanapopiga hesabu. Kwa maoni yangu, safari ndefu kwa pikipiki hii ni ya mtu mmoja. Abiria juu ya kiti kile cha ukubwa wa kitabu atavumilia siku ya kwanza, ila mizigo itakosa mahali, na breki na springi zitafanya kazi ambayo hazikupangiwa.

Mizigo ikishafungwa, rekebisha springi. Pima umbali kutoka kwenye ekseli ya nyuma hadi sehemu fulani ya mkia pikipiki ikiwa imeinuliwa na gurudumu linaning'inia, kisha pima tena ukiwa umeketi na mizigo yote ikiwapo. Tofauti ikizidi milimita 40 hivi, kaza springi kwa spana yake maalumu hadi irudi kati ya 30 na 40. Usipofanya hivyo mkia hushuka, mbele huwa nyepesi, pikipiki hukataa kukata kona, na taa kubwa humulika machoni mwa wanaokuja. Rekebisha na taa pia baada ya springi, si kabla. Kama unaelekea nchi ambako watu huendesha upande mwingine wa barabara, jua kwamba baadhi ya taa hurusha mwanga wake upande mmoja, na stika ya kuziba kona ya taa huhitajika.

Petroli na umbali

Tangi la lita 17 na ulaji wa lita 6.5 kwa kilomita 100 hutoa kilomita 260 kwenye karatasi. Barabarani, pakiwa na upepo wa mbele, mzigo na mwinuko, jipangie kilomita 200, na uzijue siku zote kilomita zilizobaki hadi kituo kinachofuata. Chombo cha akiba cha lita 2 au 3 kilichotengenezwa kwa ajili ya petroli ni bima ya bei nafuu, ilimradi kikae mbali na ekzosi.

Ubora ni suala jingine. Injini hizi hubana hewa sana, kwa uwiano wa takriban 12 hadi 13 kwa 1, na nyingi huhitaji petroli ya oktani 95 kwa kipimo cha RON. Ukilazimika kuweka ya chini, sikiliza: sauti kama ya kokoto ndani ya kopo, inayotokea unapoongeza mafuta ukiwa kwenye gia kubwa na mwendo mdogo, ni petroli inayolipuka kabla ya wakati wake, na huweza kutoboa pistoni. Shusha gia, fungua mafuta kidogo, epuka kuipita gari nyingine kwa nguvu, na jazia petroli bora mara tu utakapoipata. Ukinunua kutoka kwenye pipa au chupa, chuja kwa faneli yenye wavu, kwa sababu chujio la pikipiki za sindano za umeme mara nyingi liko ndani ya tangi pamoja na pampu, na kulifikia kando ya njia ni kazi ngumu.

Mwili, umeme na zana

Mikono ndiyo inayochoka kwanza. Vipandisho vya usukani vya sentimita 2 au 3 husaidia sana, lakini baada ya kuvifunga geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, uhakikishe kwamba kebo na mipira ya breki haivutwi na vidole havibanwi kwenye kava au tangi. Kioo cha mbele kilichoinuka kidogo hupunguza upepo kifuani. Zaidi ya hayo, mbinu haigharimu kitu: bana tangi kwa mapaja, kaza tumbo, na uiachie mikono kazi ya kuongoza tu badala ya kubeba mwili. Vaa vizibo vya masikio. Simama kila baada ya saa moja na nusu, na ganzi ya vidole isipoisha baada ya mapumziko, siku hiyo imekwisha.

Betri iliyopumzika isome volti 12.6 au zaidi, na injini ikizungushwa kwa mizunguko 5,000 isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikizidi 15, au isipopanda, kifaa cha kudhibiti chaji kinakufa, na pamoja nacho betri. Chunguza pia kiunganishi cha waya zake. Plastiki iliyogeuka kahawia ni dalili ya joto.

Zana za chini ya kiti ni za kufungulia kidogo sana. Beba spana za alen za milimita 4 hadi 8, soketi unazojua zinatumika, na spana kubwa ya nati ya ekseli ya nyuma, kwani bila hiyo huwezi kukaza mnyororo. Ongeza fyuzi, kikono kimoja cha breki na kimoja cha klachi, kebo ya klachi kama inatumia kebo, skrubu za makava, waya mwembamba, mikanda ya plastiki na gundi ya chuma ya kukanda kwa mkono. Ufunguo wa pili ubebe mwilini, kamwe usiwe katika begi moja na wa kwanza: funguo za kisasa zina chipu, na ukizipoteza zote huenda ukalazimika kubadilisha kompyuta ya injini.

Kila kitu kikishafungwa, fanya safari ya majaribio ya siku nzima na mzigo kamili, ikiwa na kipande cha barabara mbovu na saa moja ya giza. Ukirudi, pitia kila skrubu, kila mkanda na ubavu wa kila begi, kisha acha nyumbani vitu ambavyo hukuvigusa na huoni vitahitajika hata kwa dharura.

Nyaraka na mipaka

Namba ya fremu na ya injini zilizogongwa kwenye chuma zilingane na kadi ya usajili, tarakimu kwa tarakimu. Injini iliyobadilishwa bila kusajiliwa huonekana kama wizi mbele ya ofisa wa forodha. Pikipiki isiyo ya jina lako ihitaji barua ya ruhusa ya mmiliki iliyothibitishwa na mwanasheria. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 ya uhai. Kibali cha kimataifa cha udereva kina aina zaidi ya moja: kile cha Mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka 1, kile cha Mkataba wa Vienna wa 1968 hufika miaka 3, na nchi inayotambua kimoja huenda isitambue kingine. Katika kila kibali, hakikisha daraja A limegongwa mhuri. Soma bima ya afya ya safari hadi mwisho, kwa kuwa nyingi hazimlipi dereva wa pikipiki inayozidi cc 125.

Ukiisafirisha kwa ndege, pikipiki huhesabiwa kuwa mzigo hatari chini ya namba UN 3166. Utatakiwa kupunguza petroli na mara nyingi kuchomoa betri, na msafirishaji atakueleza kiwango chake. Vioo, kioo cha mbele na hata gurudumu la mbele vikitolewa, kreti huwa dogo, na gharama hushuka kwa sababu hupimwa pia kwa ujazo. Mbao za kreti ziwe na mhuri wa ISPM 15 unaoonyesha zimetibiwa dhidi ya wadudu. Kwenye feri, mikanda ishike kichwa cha foki au fremu, kamwe isishike makava.

Baadhi ya nchi hutoa kibali cha muda cha pikipiki palepale mpakani. Nyingine hudai Carnet de passages en douane, kitabu cha forodha kinachotolewa na vyama vya magari kwa dhamana ya fedha na kudumu mwaka 1. Kila ukurasa wake hugongwa mhuri wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Mhuri wa kuingia hutausahau, kwani bila huo hupiti. Wa kutoka unaweza kupita bila kuulizwa na mtu, hasa usiku au penye foleni, na ukikosekana nchi hiyo itahesabu kwamba pikipiki imebaki kwake bila ushuru, na dhamana yako itaguswa. Usiondoke kwenye dirisha la forodha kabla hujaufungua ukurasa na kuuona mhuri huo, pamoja na tarehe yake.